Kutu Hula Gari Lililolala

Watu wa pwani wamezoea kuihesabu bahari kuwa jirani mwema. Huwapa samaki, huwapunguzia joto kwa upepo wake, na huwaletea wageni wenye fedha. Lakini jirani huyu ana tabia moja ambayo wachache huiangalia: kila siku hupeleka chumvi nchi kavu, wala habishi hodi. Pale Shanzu, kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa, kati ya Bamburi na hori la Mtwapa, mawimbi huvunjika juu ya mwamba ulio mbele ya ufuo. Kila wimbi livunjikapo hurusha matone madogo mno, na upepo huyachukua. Kusi huvuma tangu Aprili hivi hata Oktoba. Kaskazi hushika zamu tangu Desemba hata Machi. Pepo zote mbili hupita juu ya bahari kabla ya kufika mlangoni. Ndiyo sababu bawaba za milango ya Shanzu hulia mapema, kufuli hukataa ufunguo, na mabati ya paa huwa mekundu kabla ya wakati wake.

Mwenye nyumba huyaona hayo kwa kuwa yako mbele ya macho yake. Mwenye gari hana bahati hiyo. Yeye huosha vioo na kung'arisha milango, na majirani humsifu kwamba anajua kutunza chombo. Ilhali kinachobeba gari lote ni ile chesisi, yaani zile mbao mbili ndefu za chuma zilizopita chini tangu mbele hata nyuma. Injini imekaa juu yake, kibanda cha dereva kimefungwa juu yake, bodi ya mizigo imelala juu yake, na springi za magurudumu zimeshikwa nayo. Chesisi ni kwa pikapu kama uti wa mgongo ulivyo kwa mtu. Nayo haioshwi, haisifiwi, wala haitazamwi.

Yafaa msomaji aelewe kwanza jinsi kutu inavyofanya kazi yake. Chuma kikikutana na maji na hewa, hubadilika polepole kuwa kitu kingine, laini na chekundu, kisicho na nguvu. Maji matupu hufanya kazi hiyo kwa uvivu. Maji yenye chumvi huifanya kwa bidii, kwani chumvi hurahisisha zile nguvu ndogo za umeme zipitazo ndani ya maji wakati chuma kinapoliwa, tena huvunja ule utando mwembamba ambao ungekikinga chuma. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi, nayo yatosha kabisa.

Tena liko jambo la pili, nalo ndilo linalowadanganya wengi. Mtu hudhani ya kuwa gari likikauka kutu husimama. Mama yeyote wa pwani angeweza kumsahihisha, maana anajua yanayoupata mkebe wa chumvi ulioachwa wazi usiku: asubuhi chumvi imelowa, ingawa hapana aliyeimwagia maji. Chumvi huvuta maji kutoka hewani. Unyevu wa hewa unapofika asilimia 75 hivi, chumvi ya kawaida huanza kuyeyuka yenyewe. Na chumvi ya bahari, kwa kuwa ina magnesi ndani yake, huvuta maji hata hewa ikiwa kavu kuliko hapo. Usiku wa Shanzu aghalabu hupita kiasi hicho. Basi pikapu iliyolala chini ya mwembe, isiyoguswa na mvua wala umande, chini yake imelowa. Mwenyewe amelala, gari limelala, na kutu i macho.

La tatu, mvua yenyewe ni mwoshaji. Huteremsha chumvi kutoka juu ya paa na milango. Lakini chini ya gari mvua haifiki ila kwa kurushwa na magurudumu pamoja na tope na mchanga. Kwa hiyo mahali palipositirika ndipo chumvi inapojiweka akiba mwaka hata mwaka. Mtu anayejenga banda zuri la makuti ili kulikinga gari lake na jua anafanya vema kwa rangi ya juu, lakini asidhani ya kuwa ameikinga chesisi.

Habari ya mkulima mmoja wa Shanzu yatosha kuonyesha mambo hayo yanakomea wapi. Shamba lake liko ng'ambo ya hori la Mtwapa, upande wa Kikambala. Alikuwa na pikapu ya tani moja ambayo alfajiri ilichukua mchicha, mabamia na madafu hadi soko la Kongowea, na jioni ilirudi na mbolea au mawe ya matumbawe ya kujengea. Na mara nyingi ilirudi na majirani waliokaa nyuma juu ya mizigo. Aliinunua kwa mkopo wa chama cha ushirika. Siku aliyoinunua, chini yake ilikuwa nyeusi, imepakwa ikang'aa kama kiatu cha askari, na aliyemwuzia alimwambia ya kuwa chombo ni safi juu na chini.

Baada ya miaka miwili aliona jambo dogo. Pikapu ikiwa tupu, nafasi kati ya kibanda cha dereva na bodi ya mizigo ilikuwa sawa juu na chini. Ikipakiwa mawe, nafasi ile ilijibana upande wa juu, na mlango wa dereva ukawa mgumu kufunga. Wengine wangetia mafuta katika bawaba wakaendelea na safari. Yeye alikwenda kwa fundi mmoja wa Mtwapa.

Fundi aliinua gari kwa jeki, akalikalisha juu ya magogo imara, akaingia chini na nyundo ndogo. Akaigonga chesisi kutoka mbele kwenda nyuma. Palipo pazima chuma kilijibu kwa sauti kama ya kengele. Alipofika nyuma ya kibanda, kikajibu kama debe lililojaa mchanga. Akachukua bisibisi, akasukuma kidogo tu, nayo ikazama. Yakaanguka magamba yaliyobebana kama kurasa za kitabu kilicholowa maji.

"Mzee," alisema fundi, "rangi hii haikupakwa ili kukilinda chuma. Imepakwa juu ya kutu, na kutu imeendelea kula chini yake. Tena tazama ndani: ugonjwa huu ni mkubwa kuliko umri wa gari hili hapa pwani. Limekuja nao."

Maneno hayo ya fundi yanahitaji kufafanuliwa, maana magari mengi yanayotumika Kenya huingia kupitia bandari ya Mombasa yakiwa yamekwisha kutumiwa kwingine, hasa Japani na Uingereza. Sheria ya Kenya hairuhusu gari kuukuu lililopita miaka 8 tangu liandikishwe mara ya kwanza, na magari hayo hukaguliwa kabla ya kupakiwa merini. Lakini miaka 8 yaweza kuwa mingi au michache, kutegemea mahali ilikopitwa. Katika nchi za baridi barafu hufunika barabara, na wenye barabara humwaga chumvi juu yake, kwa sababu maji ya chumvi hayagandi upesi kama maji matupu. Hufanya hivyo Uingereza, Kanada, Marekani na sehemu za kaskazini za Japani. Barafu huyeyuka, watu huokolewa na ajali za utelezi, lakini yale maji ya chumvi hurushwa chini ya kila gari lipitalo. Basi gari likiletwa Shanzu baada ya miaka kadhaa ya maisha hayo, chumvi ya barabarani humkabidhi mgonjwa wake kwa chumvi ya baharini.

Asidhani mtu ya kuwa ugonjwa huo ni wa magari ya maskini tu. Huko Marekani, kampuni ya Toyota ilianza mwaka 2008 kuyanunua tena magari ya namna ya Tacoma ya miaka 1995 hadi 2000 ambayo chesisi zake zilikuwa zimetoboka kwa kutu, ikalipa mara moja na nusu ya thamani yake. Mwaka 2016 ilikubali mapatano mengine mahakamani, pasipo kukiri kosa, juu ya magari kama milioni 1.5 ya namna tatu, Tacoma, Tundra na Sequoia. Nayo yalikadiriwa kufika dola bilioni 3.4. Gari lililokutwa na tundu la kutu la milimita 10 au zaidi lilistahili kupewa chesisi mpya. Milimita 10 ni upana wa kidole cha mwisho cha mtu mzima. Tundu la kadiri hiyo lilihesabiwa kuwa sababu ya kutosha kubadili uti wa mgongo mzima.

Yule mkulima hakuwa na wa kumdai. Alimtafuta aliyemwuzia, naye akajibu ya kuwa hata yeye aliinunua ikiwa imepakwa vile vile. Yumkini alisema kweli. Maana kutu iliyofichwa chini ya rangi husafiri kutoka mkono hata mkono, na kila mmoja huipokea kwa bei ya gari zima na kuikabidhi kwa bei hiyo hiyo, mpaka siku inapovunjika chini ya mtu wa mwisho.

Ndipo alipotokea dalali. Habari za karakana hazikawii kufika sokoni. Alimwendea nyumbani kwa heshima zote, akamwambia: "Mzee wangu, usijitie hasara. Pachomelewe bati hapo, papakwe lami, nami ninaye mnunuzi kutoka bara atakayelipa taslimu. Huko kwao hakuna bahari. Gari litamfaa miaka mingi."

Neno hili lilimkaa moyoni siku mbili. Deni la chama lilikuwa bado halijesha. Karo ya muhula ilikuwa imewekwa tayari, na fundi alikuwa ametaja gharama ambayo ingeila karo hiyo yote na kubakiza deni. Tena alijiambia ya kuwa hata yeye alitendewa vivyo hivyo, na hapana aliyemhurumia. Jioni ya siku ya pili alimweleza mkewe shauri la dalali. Mkewe alikuwa akipepeta mchele. Hakumlaumu wala hakumpa mahubiri. Aliuliza tu:

"Baba watoto, huyo mnunuzi atawapakia nani nyuma?"

Mkulima hakujibu. Alijua vema waliokaa nyuma ya pikapu yake mwenyewe katika miaka ile miwili: wanawake waliotoka sokoni na makapu matupu, vibarua wa shamba, na siku za mvua watoto wa shule walioomba kusogezwa hadi njia panda. Kila mmoja wao alikuwa amekaa juu ya lile chuma lililoingia bisibisi. Asubuhi yake alimwendea fundi akamwambia aanze kazi. Kisha alikwenda kwa mwalimu mkuu kuomba ruhusa ya kulipa karo kidogo kidogo. Kwa majuma matatu mboga zake zilikwenda Kongowea kwa gari la kukodi, na faida yote ikaishia njiani.

Kazi aliyofanya fundi ilikuwa ya namna ipasayo, nayo si ile ya kupachika bati juu ya uozo. Aliikata sehemu yote iliyoliwa mpaka akafika kwenye chuma kizima kinachong'aa, akatia chuma kipya cha unene unaolingana, akachomelea pande zote, baada ya kufungua nyaya za betri na kuondoa bomba la breki lililopita karibu. Mtu aambiwaye ya kuwa chesisi yake itatengenezwa kwa saa moja na ndoo ya lami, na aondoke hapo upesi. Na mahali pa kutu palipo pengi kiasi cha kutokuwa na chuma kizima cha kushikia, hapana budi kutafuta chesisi nyingine au kuliacha gari.

Wazee wa pwani hii hawakuwa na pikapu, lakini walikuwa na vyombo, na walijua ya kuwa bahari haidanganywi kwa kupaka mara moja. Mtepe wa zamani ulishonwa kwa kamba za nazi, hauna msumari wa chuma; na kitabu cha Kiyunani cha karne ya kwanza, kiitwacho Periplus, kilikwisha kutaja vyombo vya kushonwa katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Hata majahazi yaliyopigiliwa misumari yalikuwa na utaratibu wake. Kwa wakati wake chombo kilivutwa pwani, kikakwanguliwa, kikatiwa kalafati penye nyufa, kikapakwa deheni ya mafuta na chokaa chini na sifa ya papa juu. Nahodha hakungoja maji yaingie ndipo akumbuke deheni. Mwenye pikapu angefanya vema kuiga desturi hiyo, nayo si ngumu.

Kwanza ni kuosha. Wakati wa kusi, gari la Shanzu lioshwe chini kila juma. Na kama limeingia ufuoni kupakia samaki au kushusha mashua, lioshwe siku ile ile. Mpira wa maji uelekezwe juu ya springi, ndani ya madigadi, na katika matundu ya chesisi, mpaka maji yatokayo yawe safi yasiyo na mchanga. Lakini maji yawe matamu. Visima vingi vilivyo karibu na ufuo vina maji ya chumvi chumvi, na kumwagia chesisi maji hayo ni kuilisha kutu kwa mkono wako mwenyewe. Aliye na shaka na ayaonje, au ayaache yakauke juu ya sufuria nyeusi atazame kama yanabakiza weupe. Maji ya mvua yaliyokingwa katika pipa hufaa sana kwa kazi hii.

Pili ni kukausha. Gari lisimamishwe mahali penye upepo wa nchi kavu na ardhi ngumu, nyumba ikilikinga na upande wa bahari. Lisiegeshwe siku nyingi juu ya majani mabichi, kwani unyevu hupanda kutoka chini. Vitundu vidogo vilivyo chini ya chesisi viliwekwa na watengenezaji ili maji yatoke. Vizibuliwe kwa waya kila mara, maana kitundu kilichozibwa na tope huifanya chesisi kuwa mtungi.

Tatu ni kuchunguza. Asiingie mtu chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Atumie nyundo ndogo na masikio yake, kama alivyofanya yule fundi, hasa nyuma ya kibanda, pale chesisi inapopinda juu ya ekseli ya nyuma, penye vishikio vya springi, na mahali bodi inapolalia chesisi. Asiyasahau mabomba ya breki, kwani ni membamba, na kutu ikiyatoboa breki hazishiki.

Nne ni kupaka. Kutu ikwanguliwe kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma kionekane, kisha paoshwe tena kutoa chumvi, pakaushwe, na rangi ya kwanza ya kuzuia kutu ipakwe siku ile ile; kwa maana chuma kitupu kikilala wazi usiku mmoja tu pwani, huamka chekundu. Rangi ya pili na ya juu zifuate. Ndani ya chesisi, ambamo brashi haifiki, mafuta mazito au nta ya kuzuia kutu hupulizwa kwa bomba jembamba. Wengi hupenda kumwaga oili chafu ya injini kwa sababu ni ya bure. Heri waiache. Oili hiyo huharibu mipira, yaweza kuzifikia breki, na huchuruzika chini. Na ardhi ya Shanzu, kwa kuwa ni ya matumbawe yenye matundu, huipitisha upesi hadi kisimani kwa jirani.

Tano ni kurudia. Mwaka una maleleji mawili, pepo zinapobadilishana zamu: moja kabla ya mvua za masika na moja kabla ya kaskazi kuanza. Hizo ni siku mbili nzuri za kufungua, kukwangua na kupaka upya. Sheria hutaka magari ya biashara yakaguliwe kila mwaka, lakini mkaguzi huliona gari siku moja, na chumvi huliona siku zote zilizobaki.

Mkulima wa Shanzu sasa ana daftari dogo la shule ambamo huandika tarehe za kuosha, mahali alipokwangua, na rangi aliyopaka. Deni la chama limepungua, ingawa halijesha, na pikapu ingali ikienda Kongowea alfajiri. Amesema ya kuwa siku atakapoiuza ataliuza na daftari pamoja nayo, na chuma kile kipya atakionyesha kwa kidole, bei iwe itakavyokuwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Nao ukuta waweza kujengwa upya kwa mawe na chokaa, lakini waliokaa nyuma ya pikapu hawana wa kuwajenga tena.